Goma: Katuni gani waonyeshwe watoto waliokimbia vita?

Katika mtaa wa Majengo, mjini Goma, kuna kijana wa miaka thelathini na kidogo ambaye majirani wanamtania kwamba hajakua. Kazi yake ni kuchaji simu za watu na kuwawekea nyimbo na filamu kwenye flashi. Mteja akitaka Fally Ipupa anawekewa, akitaka mahubiri anawekewa, akitaka filamu za makomando anawekewa vilevile. Lakini kompyuta yake kuukuu imejaa katuni: za Wajapani, za Wafaransa, za Wamarekani, na chache sana za Wakongomani. Anaziangalia usiku, baada ya taarifa ya habari ya redio. Kwake yeye habari na katuni hukaa chumba kimoja kichwani, na mara nyingi kimoja humjibu mwenzake.

Jambo hilo lingebaki utani wa majirani kama si wageni. Mwezi Februari 2025, wiki chache baada ya mji kuingia mikononi mwa M23, makambi yaliyouzunguka Goma yalivunjwa. Familia nyingine zilirudi Masisi na Rutshuru na kukuta nyumba hazina mabati wala milango. Nyingine zilibaki mjini, kwa ndugu au kwa watu wema. Katika parseli anakoishi kijana huyu, nyumba ya vyumba vitatu imelaza watu kumi na wanne, na tisa kati yao ni watoto. Hao ndio waliokuja kumsimamia mlangoni na kumuuliza: “Yaya, katika mashine yako muko nini?”

Swali dogo, lakini lilimkosesha usingizi. Mtoto aliyelala miezi chini ya shitingi, aliyejua mlio wa bomu kabla ya kujua herufi, aonyeshwe nini?

Wengi wangesema: mpe ya mpira. Na kweli ndivyo alivyoanza, na Olive et Tom, kwa sababu hiyo ndiyo iliyomlea yeye mwenyewe katika vibanda vya video miaka ya nyuma. Wajapani wanaiita Captain Tsubasa. Yoichi Takahashi alianza kuichora mwaka 1981, baada ya kuvutiwa na Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina, na Ufaransa ndiyo iliyoipa jina tulilolizoea hapa. Kila aliyeiona anajua kile kiwanja kisichoisha, ambapo mchezaji anakimbia na mpira kipindi kizima na goli halionekani. Watoto wa Masisi walicheka, wakatoka nje kuigiza. Haikuwa na matata yoyote, na haikuacha kitu. Kijana anasema ni kama biskuti: mtoto anafurahi, lakini usimwambie mtu kwamba umemlisha.

Wengine walimpendekezea Le Roi Lion. Hapo ana maneno mengi, na si yote ni ya sifa.

Filamu hiyo ilitoka Marekani mwezi Juni 1994. Majina yake ni ya kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, na yule fisi jike anayeitwa Shenzi. Mtoto wa Goma hangoji kufasiriwa, anacheka kabla ya mtoto wa Paris. Sauti inayoifungua, ile ya Kizulu jua linapopanda, ni ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto aliyeondoka Afrika Kusini mwaka 1979 akiwa bado kijana mdogo, akaishi uhamishoni hadi kufika Los Angeles. Kijana wa Majengo anapenda sana kuwakumbusha watu jambo hilo: kwamba mlango wa filamu iliyotazamwa na dunia nzima unafunguliwa na mkimbizi.

Lakini mwezi mmoja tu baada ya filamu kutoka, Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma katika siku chache. Kipindupindu kikaingia pamoja nao. Watu walikufa kwa maelfu juu ya mawe ya volkano, magumu kiasi kwamba hata kaburi lilikuwa kazi kulichimba. Yeye wakati huo alikuwa mtoto wa mgongoni, na mama yake amemsimulia. Basi kila akisikia ule wimbo wa furaha wa Timon na Pumbaa, anahesabu: majira yaleyale ambapo watoto wa Amerika walikuwa wanajifunza kusema kwa Kiswahili kwamba hakuna matata, hapa matata yalikuwa yanabebwa kwa malori. Waliotengeneza filamu hawakuwa na kosa, hawangejua. Ila hapa Kongo neno matata si neno la wimbo. Ni neno la kila siku: matata ya maji, matata ya parseli, matata ya mlipuko wa usiku. Hata ile kampuni kubwa ya filamu kusajili maneno hayo kama alama yake ya biashara huko Marekani, jambo lililowakasirisha watu wengi mwishoni mwa 2018 baada ya Mzimbabwe mmoja kuanzisha waraka wa kulipinga, halikumuumiza sana. Anasema hakuna aliyemnyang’anya bibi yake neno kinywani. Kinachomkera ni kwamba katika Afrika ile nzuri iliyochorwa, yenye machweo na twiga, hamna mtu hata mmoja.

Hivyo aliiweka kando, akachagua Kirikou.

Kirikou et la Sorcière, ya Mfaransa Michel Ocelot, ilitoka mwaka 1998. Ocelot aliishi utotoni Conakry, nchini Guinea, na muziki aliutengeneza Youssou N’Dour wa Senegal. Sauti zilirekodiwa Dakar, kwa hiyo Kifaransa chake kinasikika kama cha majirani, hakina harufu ya Paris. Mtoto anazungumza tangu tumboni mwa mama yake, anajizaa, anajiosha, anaanza kukimbia. Kijiji hakina maji, chemchemi imekauka. Dhahabu imechukuliwa. Wanaume wamekwenda kupigana na mchawi Karaba na hawakurudi, na watu wanasema amewala. Kila mtu mzima anaogopa au anapiga kelele. Kirikou peke yake anauliza swali moja, na analirudia mpaka linachosha: kwa nini Karaba ni mbaya?

Ukilitoa swali hilo kwenye katuni na kuliweka kwenye barza ya wazee, mtu anaweza kufukuzwa. Hapa kwetu tunauliza nani, tunauliza wangapi, tunauliza wamefika wapi. Redio nayo inauliza hayo hayo. Kwa nini huwa inaachwa kwa wataalamu. Katika filamu, babu aliye ndani ya mlima ndiye anayejibu: Karaba ana mwiba mgongoni, alichomwa na wanaume waliomshika kwa nguvu, na maumivu hayo ndiyo yanayompa uwezo wake. Kirikou anauchomoa kwa meno. Ndiyo sababu kijana alidhani ameipata: hadithi ya maji, ya mtoto asiyeogopa, na ya adui ambaye naye aliumizwa kabla ya kuumiza.

Aliazima projekta ya vijana wa kanisa, akatundika shuka kwenye ukuta wa mawe, akanunua esansi ya jenereta kwa pesa yake. Watoto walikuja hata wa parseli tatu za jirani. Kulikuwa na mama mmoja aliyeondoka na binti yake kwa kuwa wanawake wa kwenye filamu wako vifua wazi. Jambo hilo si geni. Huko Marekani na Uingereza pia waliosambaza filamu walitaka vifua vifunikwe, na Ocelot akakataa. Mama hakukasirika sana, baadaye alimrudisha mtoto peke yake.

Mwisho wa filamu, uchawi ukiisha, wale wanaume waliodhaniwa wameliwa wanarudi kijijini na ngoma. Walikuwa hai wakati wote, wamegeuzwa vyombo vya mchawi. Watoto walishangilia. Isipokuwa mvulana mmoja wa miaka minane hivi, ambaye baba yake hajaonekana tangu siku waliyokimbia. Yeye alikuja polepole, akavuta shati la kijana: “Yaya, hao wababa walikuwa wapi?”

Kijana alimweleza: walikuwa wamegeuzwa sanamu na mchawi. Mtoto akafikiri. “Na wa kwetu?”

Hapo hakuna aliyekuwa na jibu, na ni vizuri kwamba hakuna aliyejaribu kulibuni. Watu wa mashirika wanaofundisha namna ya kuwatunza watoto wa vita wangesema pengine mengi. Lililoonekana katika parseli ile ni kwamba filamu iliyochaguliwa kwa kuwa haina hatari ndiyo iliyogonga mahali penye jeraha. Mtoto hakulia. Alirudi Jumamosi iliyofuata akataka iwekwe tena.

Kuna filamu nyingine ambayo kijana hakutaka watoto waione kabisa. Wajapani wanaiita Hotaru no Haka, Wafaransa Le Tombeau des lucioles, yaani kaburi la vimulimuli. Aliitengeneza Isao Takahata mwaka 1988. Ni vita vya mwaka 1945, mji wa Kobe unachomwa kwa mabomu ya moto kutoka angani. Seita ana miaka kumi na minne, mdogo wake Setsuko ana minne. Mama yao anakufa kwa kuungua, baba yuko baharini na jeshi. Wanakwenda kuishi kwa mwanamke wa ukoo wanayemwita shangazi.

Waliotengeneza kazi hii hawakuwa wanabuni hewani. Hadithi iliandikwa mwaka 1967 na Akiyuki Nosaka, ambaye katika vita hivyo mdogo wake wa kike alikufa kwa njaa mikononi mwake. Nosaka alisema baadaye kwamba yeye hakuwa mwema kama Seita, kwamba chakula kilipopatikana alikula yeye. Takahata naye alikuwa na miaka tisa usiku mji wa Okayama ulipopigwa mabomu, tarehe 29 Juni 1945, akakimbia na dada yake katikati ya moto, wametengana na wazazi. Hata hivyo alikuwa anakataa watu wakisema kazi yake ni filamu ya kupinga vita tu. Kijana wa Majengo anakubaliana naye, kwa sababu bomu katika filamu hiyo linachukua dakika chache. Dakika nyingine zote ni za jikoni.

Aliionyesha usiku mmoja wa Juni, watoto wakiwa wamelala, kwa watu saba: mama mwenye nyumba, mama mgeni kutoka Masisi, dereva wa moto, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na wazee wawili wa jirani. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa, basi akawa anafasiri kwa sauti kama walivyokuwa wakifanya wale wa vibanda vya video zamani.

Watu walitazama mabomu kwa utulivu. Kilichowanyamazisha ni mchele. Shangazi anamwambia Seita auze nguo nzuri za marehemu mama yake wapate mchele. Unapatikana. Setsuko anafurahi kuona wali mweupe. Lakini siku zinapita, na shangazi anaanza kupakua kwa kuangalia nani anafanya kazi. Binti yake na mpangaji wanapewa chakula kizito, watoto wa mgeni wanapewa maji ya juu ya supu. Anasema neno, kesho analirudia. Mwisho wanapika mbali mbali. Mwisho wa mwisho Seita anamchukua mdogo wake, wanahamia kwenye shimo la kujikinga na mabomu, kando ya bwawa, ambako taa yao ni vimulimuli ndani ya chandarua.

Inabidi kusema hapa kwamba katika parseli ile, tangu mwezi wa tatu, kuna mbabula mbili zinazowaka asubuhi badala ya moja.

Filamu ilipokwisha jenereta iliendelea kunguruma na hakuna aliyeinuka. Wa kwanza kusema alikuwa mama mwenye nyumba.

“Yule shangazi hana moyo. Mtoto wa miaka mine! Unamupimia namna gani chakula mtoto wa miaka mine?”

Wote walitazama chini. Kisha mama wa Masisi, ambaye huwa hasemi sana, akasema: “Hapana, mama. Musimulaumu. Muchele ukiisha, moyo utafanya nini? Ni yule kijana alikosa. Mugeni anainamisha kichwa. Ningelikuwa mama yake ningemwambia: mwanangu, vumilia maneno, maneno hayaui.”

“Maneno yanaua,” mama mwenye nyumba akajibu.

“Njaa inaua zaidi.”

Wakaendelea hivyo karibu nusu saa, mwenye nyumba akimshtaki shangazi, mgeni akimtetea. Dereva wa moto alijaribu kuingia akaambiwa anyamaze. Hakuna aliyetaja mbabula, hakuna aliyetaja bugari wala bei ya maharagi, wala kodi ya nyumba ambayo mwenye nyumba huyu anailipa peke yake, mume wake akiwa hajapata mshahara kwa miezi. Walikuwa wanazungumzia Japani ya mwaka 1945. Kila mmoja alikuwa amemchukua mtu wa upande wa pili, na kwa kumsemea huyo, aliweza kusema yale ambayo ana kwa ana yangeleta ugomvi au aibu. Mtu anaweza kukaa miezi mitatu na mwenzake chini ya bati moja, wanasalimiana kila asubuhi, wasipate nafasi ya namna hiyo.

Mbabula bado ni mbili. Asiwepo wa kudhani kwamba filamu imepika chakula. Ila tangu usiku ule wanawake hao wawili wanakwenda pamoja kutafuta makaa, na mama mwenye nyumba akimwita yule mtoto mdogo wa wageni kuja kula, hageuki kuangalia nani anamwona.

Huko Japani filamu hiyo ilitolewa siku moja na nyingine ya studio ileile, Totoro ya Hayao Miyazaki, tarehe 16 Aprili 1988, zikaonyeshwa pamoja kwa tiketi moja. Kijana anaona walifanya akili sana. Ile ya pili ni ya dada wawili waliohamia kijijini na baba yao, mama yao akiwa hospitalini. Hakuna adui ndani yake, hakuna vita, kuna mnyama mkubwa wa msituni mwenye manyoya, na kuna hofu ya kweli kwamba mama hatarudi. Mdogo anatoroka kumpelekea mama yake hindi moja la kuchuma shambani. Watoto wa Masisi, ambao wazazi wao walikuwa na mashamba ya mahindi na maharagi, waliielewa sehemu hiyo kuliko zote. Mmoja alilalamika kwamba hindi lenyewe halijakauka, haliwezi kufika safari ndefu. Hiyo ndiyo iliyobaki kuwa filamu ya kila wiki.

Kuhusu habari, kijana ana tabia moja ambayo wengine wanaiona ya ajabu. Kila redio ikisoma namba, anaigeuza picha. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Mwishoni mwa Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilisema Kongo ina karibu milioni 7 ya watu waliokimbia makwao wakiwa ndani ya nchi yao. Akachukua kalamu. Kama kila mmoja wao angepewa picha moja tu, uso mmoja, sehemu moja ya 24 ya sekunde, wakapita mbele ya macho bila kusimama, filamu hiyo ingechukua saa 81. Siku tatu usiku na mchana, na saa tisa juu yake. Na hakuna ambaye angemtambua hata ndugu yake, kwa maana jicho haliwezi kushika uso unaopita kwa kasi hiyo. Anasema ndivyo anavyosikia ile namba inaposomwa: uso wa mama wa Masisi umepita, haukuonekana.

Tena ana aibu yake. Mwezi wa Machi 2024 ilitangazwa kwamba Akira Toriyama, aliyechora Dragon Ball, amefariki. Wiki zile Sake ilikuwa inapigwa mabomu, kilomita 25 hivi kutoka Goma, na barabara ilikuwa imejaa watu na magodoro. Yeye alijikuta analia kwa ajili ya Mjapani. Rafiki yake alimkemea vikali. Hakujitetea, lakini mpaka leo anashikilia kwamba machozi hayana ofisi ya kuyapangia foleni. Mtu akizoea kusikia vifo vya jirani kila asubuhi, kifo cha mbali ndicho wakati mwingine kinachofungua bomba.

Ndiyo maana anamtaja sana Mkongomani mmoja ambaye vijana wengi wa Goma hawajamsikia, Jean-Michel Kibushi, mtu wa Sankuru, mkoa uleule aliotoka Papa Wemba. Mwaka 1988 Kibushi alianzisha studio ya katuni ya kutembea, Malembe Maa, jina la Kilingala linalosema polepole, na kweli katuni haina haraka. Mwaka 1991 alitoa hadithi ya chura aliyekwenda kwa wakwe zake, ngano ya Watetela, kwa karatasi zilizokatwa na kusogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Kisha Septemba ya mwaka huohuo, askari wasiolipwa mishahara waliingia mitaani Kinshasa na uporaji ukaenea mji mzima. Magazeti yaliandika, redio za nje zilisema. Kibushi yeye alichukua michoro ya watoto kuhusu yale waliyoyaona, na kutokana nayo akatengeneza filamu fupi iliyotoka mwaka 1992, Kinshasa, septembre noir.

Yaani taarifa ya habari, mwandishi akiwa mtoto. Rumba yetu iliingia katika orodha ya UNESCO mwezi Desemba 2021 na nchi ilisherehekea ipasavyo. Kazi kama hiyo ya Kibushi nayo ni urithi, lakini tafuta kijana wa Goma aliyeiona. Mtoto wa hapa anajua majina ya mashujaa wote wa Japani na hajui kwamba Mkongomani aliwahi kuwapa watoto wa Kinshasa nafasi ya kusema walichokiona.

Kutokana na mfano huo kijana alikata maboksi ya biskuti vipande vipande, akawagawia watoto tisa wa parseli na kalamu za kuchangia. Hakuwaambia wachore vita. Hakuwaambia kitu. Wasichana wawili walichora mbuzi, wengi sana, mpaka pembeni. Mmoja alichora helikopta akaifuta. Yule mvulana aliyeuliza kuhusu wababa alichora bidoni ya njano ya maji. Kipande cha pili, bidoni. Cha tatu, bidoni, imeinama kidogo. Hachori watu, na hakuna anayemlazimisha. Kijana aliona kwamba bidoni hizo, zikipigwa picha moja baada ya nyingine kwa simu, zinatembea.

Sasa wote wanachora hiyo hiyo. Bidoni inatoka kwenye parseli, inapita kwenye mawe meusi ya volkano, inashuka kuelekea ziwani. Wanatumia picha 12 kwa sekunde badala ya 24, kwa sababu maboksi hayatoshi. Ugomvi mkubwa kwa sasa ni wa muziki. Wavulana wanataka Fally Ipupa, wasichana wanataka wimbo wa kwaya, na kijana mwenyewe angependa ngoma kama za Youssou N’Dour. Mama wa Masisi, akiwa anapepeta maharagi, alisema bidoni haina haja ya wimbo, ina sauti yake ikigonga mawe. Akachukua moja tupu akawaonyesha. Wameirekodi kwa simu, na mpaka sasa hiyo ndiyo inayoongoza.

Kufikia wiki hii picha ni 74, yaani sekunde sita na kidogo. Bidoni haijafika ziwani. Rangi ya njano imekwisha, na yule mvulana amekataa kuendelea kwa rangi ya buluu, anasema bidoni za buluu ni za watu wengine. Mwenye kalamu ya njano, hata iliyobaki nusu, amtafute kijana huyo kwenye kibanda chake cha kuchajia simu pale Majengo, au ampe mtoto yeyote wa parseli. Maboksi ya biskuti pia yanapokelewa.